Ndama wa Tajiri

Raheli wa Buigiri hakuwa na mchezo na ng'ombe wake. Mseme mwanawe atakusamehe. Mseme Tajiri, utakiona cha mtema kuni. Tajiri mwenyewe alikuwa mweusi mwenye baka jeupe mgongoni, na kiangazi kikishika, ng'ombe wa wenzake wamebaki mifupa, yeye alitoa maziwa ya kunywa na ya kugawa. Lakini sasa alikuwa amezeeka. Mimba hazikumkaa tena, na maisha yake yote alizaa madume matupu. Akifa hivi hivi, uzao wake ndio basi. Raheli akiwaza hilo, chakula hakishuki.

"Mama, huko nje siku hizi wanachukua kipande cha ngozi ya ng'ombe, wanatengeneza pacha wake," Fredy, daktari wa mifugo, akamwambia.

"Si umkate Tajiri kidogo hapo sikioni!"

Fredy akacheka mpaka akaegemea pikipiki. "Sisi hatujafika huko. Ila mimba ikiwa changa kabisa, naweza kuitoa kwa Tajiri nikaipandikiza kwa ng'ombe mwingine mwenye nguvu, akaibeba mpaka azae."

Mwenye nguvu alikuwa wa Obedi, mdogo wa marehemu mumewe. Obedi akakubali haraka. Ungemjua Obedi ungejiuliza haraka hiyo ya nini, lakini Raheli kwa furaha hakujiuliza.

Ndama akazaliwa. Jike! Mweusi, na baka mgongoni. Raheli akapiga vigelegele njia nzima. Obedi akamngoja kwenye lango la zizi, kifua mbele.

"Shemeji, mila unazijua. Ndama ni wa mwenye ng'ombe aliyezaa."

"Obedi! Huna hata haya? Mimba si ilitoka kwa Tajiri?"

"Aliyebeba ndiye mwenye mtoto. Waulize hawa."

Majirani waliokusanyika wakaguna, na wengine wakaafiki, maana mila ndivyo ilivyo. Machozi yakamlenga Raheli mbele za watu, na ilimuuma kweli kweli.

Hapo Emiliana, mke wa Obedi, akatua ndoo yake ya maji.

"Baba Gladness, umesema aliyebeba ndiye mwenye mtoto?"

"Ndiyo, nimesema!"

"Na hawa wamesikia. Asante sana. Tangu unioe mnaniambia watoto ni wa ukoo wenu, mimi nimebeba tu. Basi Jumamosi wakwe wakileta ng'ombe wa mahari ya Gladness, waje kwangu mimi niwapokee."

Weee! Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Raheli alicheka huku anajifuta machozi kwa khanga. Obedi akamtazama ndama, akamtazama mkewe.

"Shemeji," akasema taratibu, "akiacha kunyonya, njoo umchukue."

"Na Jumamosi je?" akauliza Emiliana.