Dawa ya Saa Saba

Yusra anasomesha madrasa ya wasichana hapa Msambweni, na watoto wanamwita Maalima. Nguo zao za chuo nazishona mimi, na nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ua wa makuti tu. Haya ninayoyaeleza aliniambia mwenyewe na akanipa ruhusa niyaseme, akitumai kuna mwengine atakayejifunza. Nilimwambia watu hawajifunzi. Alicheka kidogo, kwa adabu.

Kila Shaabani huwasomesha watoto hukumu za saumu. Mgonjwa ameruhusiwa kula, msafiri ameruhusiwa, mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ameruhusiwa, watalipa baadaye. Nawasikia wakiitikia nikiwa kwenye cherehani. Alikuwa akiyajua hayo kuliko sisi wote, na ndiyo maana nikikumbuka alichokifanya hasira hunipanda, kisha huingia huruma.

Baada ya miaka saba ya ndoa bila mtoto, yeye na mumewe Kheri walikwenda hospitali moja Mombasa. Mayai yake yalirutubishwa nje ya mwili, vikapatikana viinitete viwili. Kimoja alipandikizwa, cha pili kikahifadhiwa kwenye baridi kali. Kile cha kwanza kilishika. Walikubaliana wasimwambie mtu yeyote, hata Bi Esha, mamake Kheri, ambaye wanakaa naye nyumba moja na kula chungu kimoja. Huku kwetu mimba haitangazwi mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, kwa kuogopa macho ya watu.

Ramadhani ikaingia mimba ina wiki sita. Akila mchana, Bi Esha atajua. Angeweza kusingizia hedhi wiki moja, lakini si mwezi mzima. Basi Maalima akafunga. Na dawa alizopewa za kuishikilia mimba zilikuwa vidonge vya kutia ukeni mara tatu kwa siku: alfajiri, saa saba mchana na saa tatu usiku. Cha alfajiri alikitia kabla ya daku kwisha, cha usiku baada ya tarawehe. Cha saa saba kingeivunja saumu yake, kwa hivyo akakiacha. Hakumuuliza daktari, hakumuuliza shehe, hakumuuliza Kheri. Kila siku alikidondosha kwenye kopo la mdalasini lililokwisha, akijiambia kuwa viwili vinatosha.

Siku ya ishirini na mbili Kheri, aliyekuwa dereva wa tuktuk, alimpeleka dukani kuchukua nguo ya Idi. Njiani gurudumu liliingia shimoni, Yusra akarushwa akashika chuma. Asubuhi yake aliona damu. Walipotoka hospitali mimba haipo tena. Kheri alikaa kwenye ngazi akajishika kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Ni lile shimo. Nililiona na bado nikaliingia."

Yusra akanyamaza. Siku ile alinyamaza kwa uchungu. Kesho yake alinyamaza kwa woga, na baadaye kwa kuwa alikuwa amekwisha kunyamaza. Kheri alimwachia nduguye Swabir ile tuktuk aliyoipenda kama mtoto, akenda kuwa askari wa nyumba ya wageni Diani. Na kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kulikuwa na mimba, hakuna aliyekuja kumpa pole. Mimi mwenyewe nilipita uani juma lile nikamgombeza kwa kunichelewesha na vipimo vya sare. Naona haya hadi leo.

Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, walirudi hospitali kwa ajili ya kile kiinitete kimoja kilichobaki. Muuguzi Jemima, mtu wa bara, mpole, alifungua faili.

"Mara ya mwisho, mama, kuna dawa yoyote uliruka? Hata siku moja?"

Kheri alikuwa ameketi kando yake.

"Hapana," Yusra alijibu.

Kwenye feri ya Likoni Kheri alimwambia, "Safari hii utakwenda kwa miguu, hata chuoni. Sitaki chombo chochote kikutikise. Sitarudia kosa langu."

Jioni ile alinijia na kopo mkononi, akanieleza yote. Sikumbembeleza. Nilimwambia, "Umemwacha mume wako abebe mzigo usio wake mwaka mzima, nawe unamtazama. Nenda kamwambie, kabla hujatiwa chochote tumboni."

Kwanza alimpigia Jemima akasahihisha uongo wake. Jemima hakumkaripia. Alimwambia hakuna awezaye kusema kama ni dawa, kama ni shimo, au si chochote kati ya hivyo, kwani mimba nyingi hutoka bila wao kujua sababu. Lakini safari hii asiruke hata kimoja.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, aliliweka kopo juu ya mkeka mbele ya Kheri na Bi Esha. Akaeleza bila kujitetea. Kheri alimimina vidonge kiganjani, vyote ishirini na viwili.

"Si dawa inayoniuma," alisema. "Ungeniambia siku ileile ningelia nawe. Mwaka mzima, Yusra, ulikuwa ukiniona ninavyojilaumu."

Akavirudisha vidonge koponi, akavaa viatu, akarejea kazini kabla ya zamu yake.

Bi Esha alibaki ameketi. "Nilijua una mimba," alisema. "Nilikusikia ukitapika kila baada ya daku. Nikajiambia, akitaka kuniambia ataniambia, nisimwingilie. Ningekufungia mlango mchana nikakupikia uji, mwanangu. Nami nilinyamaza."

Yusra aliniambia hayo ndiyo yaliyomliza kuliko yote. Yule aliyemficha siri yake ndiye ambaye angemlinda.

Kiinitete cha mwisho kilipandikizwa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Sasa tumo katika mfungo, na bado ni mapema kusema lolote. Mwaka huu hafungi. Mchana Bi Esha, naye amefunga, hufunga mlango wa uani na kumpelekea uji chumbani.

Ikifika saa saba simu hulia kutoka Diani. Nikizima cherehani naisikia.

"Umetia?"

"Nimetia."

Na simu hukatwa. Zamani Kheri alikuwa hakati simu bila utani, atamchekesha mkewe mpaka abiria wamkaripie. Sasa hupiga kila siku, hajakosa hata moja, na huuliza neno hilo tu. Yusra hubaki na simu sikioni, akingoja, kisha huiweka chini akanywa uji.