Pumzi ya Baruti

Milcah alikuwa mwanamke wa kuvunja vyombo. Nasema hivyo kwa upendo, maana ukuta wa nyumba yake ndio uliokuwa ukuta wa nyumba yangu, na kila sahani iliyopasuka upande wake niliisikia. Tuliishi kwenye laini za kware, nyumba za wafanyakazi wa machimbo ya mawe, chini ya mlima Menengai, ambako wanaume wetu walipasua mawe ya kujengea mji wa Nakuru. Kila siku ya kazi, kabla ya chakula cha mchana, mtu alipuliza filimbi, akaita "Baruti!", halafu mlima ukalia. Sisi wengine tuliendelea kuchambua mboga. Milcah alianguka chini popote alipokuwa, na alichokishika kikaanguka naye.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuja kwa treni kutoka Kimilili kumfuata mume wake Khaemba, alikuwa na kicheko cha kusikika laini nzima na ulimi wa kumtoa jasho muuza samaki. Mimi mwenyewe niligombana naye mwezi wa kwanza, juu ya kamba ya nguo, akanishinda. Tukawa marafiki papo hapo.

Kilichomharibu ni hiki. Wakati wa Emajensi, serikali ilipokataza watu kutembea usiku, Makokha, mtoto wao wa pekee, alitumwa dukani mafuta ya taa. Dukani kulikuwa na watu wengi, akachelewa, saa ya kutembea ikapita. Karibu na nyumbani askari mmoja alimwambia asimame, akasimama. Kisha akatia mkono mfukoni atoe kipande, kitambulisho chake. Askari aliona mkono, kipande hakukiona. Milcah alikuwa jikoni, akausikia mlio. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ni kware, akajiuliza kwa nini wanapasua mawe jioni.

Tangu hapo hakutoka nje jua likishatua. Maji ya jioni nilimchotea mimi. Tuliendelea kumwita Mama Makokha, na mume wake Baba Makokha, kwani tungewaitaje? Jina la mtoto halivuliwi kama koti.

Na uchungu zaidi ni kwamba Khaemba ndiye aliyekuwa mtu wa baruti. Yeye ndiye aliyejaza mashimo, yeye ndiye aliyewasha utambi. Mkono uliomlisha Milcah ndio uliomwangusha kila mchana. Aliomba kubadilishiwa kazi, msimamizi akamwambia mtu wa baruti hatolewi kwa sababu mke wake hapendi kelele. Nilimchukia msimamizi yule, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha.

Basi mwaka wa hamsini na tisa, mwezi wa tisa, mwalimu Kipkemei alikuja na gazeti. Huyu alikuwa kijana mpole wa upande wa Rongai, aliyetufundisha kusoma alasiri, kazi ikiisha, kwenye benchi mbele ya nyumba zetu. Alituambia Warusi wameupiga mwezi. Alisema hivyo tu, wameupiga, na kwetu kitu kilichopigwa kutoka mbali kimepigwa risasi. Mzee mmoja akauliza kama mwezi utakufa. Mume wangu Dalmas, ambaye Mungu alimpa mdomo kabla ya kumpa akili, akataka kujua: je, watu wa mwezini wakirudisha risasi, zitaangukia Urusi peke yake au na sisi tutapata yetu?

Mwalimu alicheka, akatueleza kwamba ni chombo tu walichokirusha kikaufikia. Mwezini hakuna watu, na hewa pia hakuna. Kiberiti hakiwaki kule, maana moto hula hewa, na ukilinyima hewa hata jiko linazima.

Hapo Milcah, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake na mgongo ukutani, akauliza. Wengi wetu tulikuwa hatujasikia sauti yake mbele ya watu kwa miaka.

"Mwalimu, na bunduki?"

Kipkemei akasema bunduki nayo ni moto. Moto usipowaka, risasi haitoki. Mtu angebaki anavuta chuma bure.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alijibu kwa alichokijua, tena kwa moyo mweupe.

Jioni ile ile jua lilitua na Milcah akabaki nje. Mwezi ulichomoza upande wa Bahati, mkubwa, mwekundu kwa vumbi la shambani. Aliutazama mpaka shingo ikamuuma. Khaemba alitoka akasimama nyuma yake, akiogopa hata kukohoa. Milcah akamuuliza bila kugeuka: si wewe ndiye mtu wa baruti, mwalimu amesema kweli? Khaemba akasema ni kweli. Nilimsikia, na najua hakudanganya. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha hapimi maneno.

Siku zilizofuata nilimpata rafiki yangu tena. Alichota maji mwenyewe. Alinisema kwa sababu ya kuku wangu aliyeingia kwake, nikakaribia kulia kwa raha. Mlima ulipolia, aliinua uso juu, akashika ukuta, akabaki amesimama. Jioni tulikaa pamoja nje akaniambia mambo aliyoyapanga. Huko juu, alisema, Makokha angetumwa dukani saa yoyote. Angetia mkono mfukoni apendavyo. Nilijua ni maneno ya mtu aliyefiwa, lakini nilimwacha, maana yalikuwa yanamlisha. Nilimwambia tu kwamba huko hakuna duka, akacheka kile kicheko chake cha zamani.

Ndipo akaamua kumpelekea Khaemba chakula kazini. Alikuwa hajafika kware tangu msiba. Alipika ugali na mrenda, akaufunga vizuri, akaniomba nimsindikize. Nilijiona kama nampeleka bibi arusi.

Tulimkuta Khaemba amepiga magoti kando ya shimo lililochimbwa ndani ya jiwe, akisindilia udongo wa kichuguu kwa mti. Alipomwona mke wake uso ulimng'aa, akasema tungoje kidogo amalize. Milcah aliinama kuangalia.

"Hiyo udongo ni ya nini?"

"Ya kufunga. Baruti iko chini. Usipofunga kabisa, nguvu inatoka bure, jiwe haipasuki."

"Kabisa? Hata hewa haiingii?"

"Hata kidogo."

Alisema hivyo kwa fahari ya fundi, mkono ukiendelea kusindilia. Kisha mkono ukasimama. Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe.

"Sasa moto ya huko ndani," Milcah akauliza polepole, "inapumua nini?"

Khaemba alikuwa amefundishwa kazi na Mhindi mmoja, ambaye zamani alimwambia kwamba baruti imechanganywa na chumvi yake, na chumvi hiyo ndiyo inayoulisha moto hata ukizikwa. Alilijua jambo hilo miaka yote, akalitumia kila siku, lakini hakuwa amelipeleka mwezini. Angeweza kudanganya. Nilitamani adanganye. Lakini Milcah alikuwa akimtazama machoni.

"Baruti haiombi hewa, Mama Makokha. Inakuja na pumzi yake."

"Na ya risasi?"

"Ni hiyo hiyo."

Milcah aliweka chakula chini bila kumwaga. Filimbi ilipopulizwa tulirudi nyuma pamoja na wengine, Khaemba akawasha utambi, akatufuata. Mlima ulilia, mawe yakaruka. Milcah hakuanguka, wala hakuinua uso. Alisimama tu akingoja kelele iishe, kama mtu anayengoja lori lipite.

Hakuvunja chombo tena. Watu wa laini walisema amepona, nami nilichoka kuwabishia. Jua lilipotua alifunga mlango, nikarudi kumchotea maji.

Mwezi mwingine ulipokuwa mkubwa nilimgongea. Nilimwambia, Mama Makokha, toka uone, umechomoza vizuri leo. Alinijibu kutoka ndani, bila hasira.

"Mama Awuor, hata huko wangempata."

Niliweka ndoo yake mlangoni nikaenda kupika. Asubuhi Khaemba alipita na ule mti wake begani, akanisalimu, akashika njia ya kware.