Gadi za Chumba cha Dada

Mtu akiita gadi "nguzo" mbele ya baba yangu, alikiona cha moto. Baba alikuwa fundi wa dari za chokaa hapa Kivinje, na hilo hakulivumilia. Gadi ni mti mnene wa mkoko unaosimamishwa chini ya dari mbichi, ubebe boriti na mawe mpaka chokaa ikauke. Chombo kikipandishwa pwani, nacho hutiwa gadi ubavuni kisilale.

Mwaka wa vita vya maji, dari ya chumba cha dada ilikuwa bado mbichi, na chumba kingine hatukuwa nacho. Dada alikuwa amejifungua wiki ile, damu haijakatika, na mkunga alikataza asiinuliwe kitandani. Ndipo askari wa Mdachi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya miti ya kuzungushia boma.

Kwetu waliingia wawili.

"Mzee, toa miti hii."

"Dari mbichi, wanangu. Binti yangu kalala chini yake na kichanga."

"Mtoe."

"Akiinuliwa atakufa."

"Basi toa miti."

Nilitamani kumtemea mate usoni yule mkubwa wao. Nikaogopa, nikaenda kuwafunika dada na mtoto kwa mwili wangu. Baba alianza na gadi za pembeni, akigonga taratibu. Kila moja ilipotoka boriti zililia, chokaa ikatuangukia mgongoni na nyweleni. Dada alikuwa akisoma shahada.

Ikabaki ya katikati, kando ya kitanda. Baba akaiacha, akaenda mlangoni.

"Na hiyo!"

"Hiyo itoeni wenyewe. Anayeitoa husimama chini yake."

Wakatazama juu. Mmoja akarudi nyuma. Mkubwa wao naye hakusogea, na kuonekana mwoga mbele ya wanawake kulimchoma.

"Basi beba hizi," akamwambia baba. "Utazisimamisha wewe bomani."

Baba akajitwika, akatoka. Nilimshukuru Mungu, mjinga mimi, nikadhani atarudi kabla ya alasiri. Baadaye tulisikia amepelekwa bara kubeba mizigo ya jeshi.

Dari ilikauka vizuri. Mafundi wenzake walipokuja kuitoa gadi ile, dada aliwafukuza, akasema mwenyewe yuko njiani. Mtoto alianza kusimama kwa kuishika. Tulimpigia makofi, na dada akageukia ukutani akalia.