Kaburi la Chen Katika Ngano Yetu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimewahi kumsimulia mtu mmoja tu, naye amekwisha kufa. Nikianza kuisimulia naishia njiani. Leo nitafika mwisho, maana shamba hili la Mbulumbulu litakuwa lako, na mwenye shamba lazima ajue kilichomo.

Miaka ya tisini walikuja Wachina kuchimba visima huku juu. Walikuwa sita, wakapiga kambi karibu na kwetu. Mmoja wao aliitwa Chen, mtu wa makamo, mpole, ambaye Kiswahili chake hakikuzidi "shikamoo" na "maji bado". Masika fulani aliugua malaria. Barabara ya kwenda Karatu ilikuwa tope tupu, magari hayapiti, na siku ya tatu akafariki. Wenzake walibaki wakitazamana, hawana namna ya kumsafirisha. Babu yako ndiye aliyewapa nafasi ndani ya shamba, mbali kidogo na mpaka, chini ya mti wa mringaringa.

Rafiki wa marehemu, jina lake Lin, alijua Kiswahili cha kuokoteza. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Aprili, alikuja na jembe, ufagio na kikapu. Akatueleza kwamba kwao kila mwaka, majani yanapochipua, ipo siku ambayo watu wote huenda kwenye makaburi ya wazee wao. Siku hiyo aliiita Chingming. Aling'oa magugu, akafagia, akaongeza udongo mpya juu ya tuta. Akapanga machungwa na mayai ya kuchemsha, akamimina pombe kali kidogo chini, akachoma karatasi zilizokatwa mfano wa noti, kisha akainama mara tatu. Mwisho akaweka karatasi nyeupe juu ya kaburi na kuibana kwa jiwe. Baba alimwuliza ile ni ya nini. Lin akasema ni ili apitaye ajue kwamba aliyelala pale ana watu wake. Halafu tukakaa palepale tukala vile vyakula pamoja, kwa kuwa desturi yao ndivyo inavyotaka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikula huku nacheka moyoni.

Alikuja miaka mitatu. Kazi ilipokwisha alikuja kuaga, akamshika baba mikono yote miwili, akamwomba aliangalie kaburi, kwa kuwa Chen aliacha binti mdogo kwao. Baba akakubali. Kila Aprili baada ya hapo alipalilia mwenyewe, na jiwe aliliweka, ingawa karatasi hakuwa nayo.

Kisha macho ya baba yakaanza kuharibika. Akaenda kukaa Mbulu kwa shangazi kwa ajili ya matibabu, shamba akaniachia mimi. Nilikuwa nimeoa, nina haraka ya maisha. Trekta ya kukodi ilipofika kwenye lile tuta, dereva akasimama.

"Hapa si pana kaburi?"

Kila mwaka trekta ilizunguka pale na kuacha kipande kizuri cha ardhi bila ngano. Nikamwambia, "Pita tu. Wenyewe walishaondoka."

Akasita kidogo, akapita. Mti niliukata nikaupasua mbao. Jiwe la kaburi nililitupa mpakani pamoja na mawe mengine ya shambani. Baba aliporudi alikuwa haoni kabisa. Akaniuliza kama napalilia kwa mgeni wetu, nikajibu ndiyo. Kila Aprili aliniuliza, na kila Aprili nilijibu ndiyo. Usidhani nilikosa usingizi, mwanangu. Nililala vizuri kabisa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Ikaja Aprili moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Gari la watalii lilisimama pale nje, akashuka msichana wa Kichina mwenye kikapu mkononi. Dereva wake, kijana wa Kichaga aliyefanya kazi Karatu, akamtafsiria Kiingereza chake: alikuwa binti wa Chen. Lin alimchorea ramani na kumpa picha aliyopiga siku ya mazishi. Tangu utotoni alingoja aje kufagia kaburi la baba yake katika siku ile yenyewe.

Ningeweza kusema. Lakini alinitazama kwa furaha, kama mtu aliyefika nyumbani, nami nikatangulia kutembea. Ngano ilikuwa imechipua urefu wa kidole. Nikampeleka mpaka kwenye rundo la mawe tuliyookota shambani, lililoota nyasi pale mpakani. Akainua picha, akailinganisha na msitu wa Ngorongoro nyuma yetu, kisha akamwambia dereva neno.

"Anauliza, ni hapa kweli? Kwenye picha kuna mti."

"Ni hapa," nikasema. "Mti ulianguka."

Binti akapiga magoti kwenye tope. Akang'oa nyasi kwa mikono, akafagia, akapanga machungwa na mayai. Manyunyu yalikuwa yanazima karatasi zake, nikavua koti langu nikamkingia moto. Akaanza kuongea na yale mawe kwa lugha yao, taratibu, kama anayeeleza habari za nyumbani. Aliongea kwa muda mrefu, na katikati ya maneno akalia. Baba yake alikuwa nyuma ya mgongo wangu, hatua kama arobaini, chini ya ngano. Sikugeuka.

Alipomaliza alinimenyea yai akanipa. Nikalila. Akaniinamia, na dereva akasema ananishukuru kwa kumtunza baba yake miaka yote ile. Kisha akachota udongo kati ya mawe, akaufunga kwenye kitambaa ampelekee mama yake.

Baba alikuwa amekaa mlangoni, akasikia gari likiondoka, akauliza nani alikuja. Siku hiyo sikuweza kumdanganya tena. Nikamwambia yote, kuanzia trekta.

"Mtoto wa watu amelia mahali pasipo na mtu," akasema, "na wewe umesimama unamtazama. Mfuate."

Nikamjibu kwamba mvua ni kubwa, nitakwenda kesho. Kesho yake nilikwenda Karatu kwa baiskeli. Hotelini wakaniambia ameondoka alfajiri kwenda uwanja wa ndege. Yule dereva nilimpata baada ya wiki. Hakujua anwani ya binti, hata jina lake alikuwa amelisahau.

Nilichimba, mwanangu. Zile hatua arobaini nilizokuwa na hakika nazo zilinipotea, kwa kuwa mti haupo na plau zimepita mara nyingi mno. Nilichimba mashimo manne bila kupata kitu, nikaacha kwa hofu ya kumpiga jembe. Baba alifariki mwaka uliofuata. Aprili ile ya mwisho hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Jambo hili sina dawa yake. Huko kwao yupo mama, kama bado yu hai, anayetunza udongo wa mpakani kwetu akidhani analala karibu na mumewe.

Basi sikiliza. Ulichokabidhiwa na mtu aliyeondoka kishike kuliko ulichokabidhiwa na aliyepo, maana aliyeondoka hawezi kuja kukukumbusha. Na ukikosea, sema wakati uliyemkosea bado amesimama mbele yako. Aibu ingeniunguza nusu saa tu. Nimeungua miaka yote hii. Usiseme kesho. Upande ule wa mpakani, ambako Chen yumo asikojulikana mahali pake, niliacha kuulima, nawe usiulime. Akija mtu yeyote wa ukoo wa Chen, mwambie ukweli wote, na jina langu usilifiche.

Mungu akupe ulimi usioogopa kweli, na miguu ya kumwahi uliyemkosea kabla hajafika mbali. Na watakaokuja kukutafuta, wakukute pale walipoambiwa upo.