Pingamizi Kati ya Makampuni Mawili

“Kooorti! Waliohudhuria, wasiohudhuria, na wale wanaojifanya hawapo ilhali simu zao zinaonyesha wapo, wote mnaarifiwa kwamba binti wa ukoo huu, ajulikanaye kama Pingamizi, ametakiwa na makampuni mawili ya uwakili, kwa mpigo, katika nchi ya watu, bila kumhonga mtu. Mwenye kinyongo na aseme sasa, au anyamaze mpaka siku atakapohitaji wakili wa bure!”

Tangazo hilo la sauti liliingia kwenye kundi la simu la ukoo, na aliyelitoa alikuwa baba yake Pingamizi, mstaafu ambaye maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akiita kesi mahakamani. Hakuwa hakimu, hakuwa karani, hakuwa polisi. Kazi yake ilikuwa sauti. Alisimama kando ya mlango, akapaza “Wote simameni!”, watu wakanyanyuka kama waliochomwa sindano, hakimu akaingia akijikuna sikio, akasema “Kaeni” bila hata kumtupia jicho yule aliyemsimamishia umati. Basi, kazi imeisha mpaka kesho. Mzee aliionea fahari kazi hiyo kuliko mahakimu walivyoionea ya kwao, na kusema kweli aliifanya vizuri kuliko wengi wao.

Jina la Pingamizi alilitoa yeye, maana mtoto alikuwa akipinga kila kitu: uji, kuoga, kulala, kuamka. “Pingamizi limepokelewa,” mzee alikuwa akisema, kisha anamwogesha vilevile. Siku binti alipopata nafasi ya kwenda kusomea sheria nje, mzee alimwita pembeni akampa ahadi.

“Kwa kawaida wakili hasimamiwi. Wakili anasimama kama raia wengine. Lakini siku utakapoingia mahakamani kwetu na joho lako, nitaita, wanyanyuke wote. Hakimu akinuna, anune.”

Umri wa kustaafu ukafika kabla ya joho. Mzee akakabidhi funguo za mahakama; ahadi akarudi nayo nyumbani.

Huko ugenini, Pingamizi alilisikiliza tangazo mara ya kwanza akicheka. Mara ya pili kicheko kikamkauka. Ile “Kooorti” ilikuwa imekwaruza katikati, kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Akampigia shangazi yake, dada wa mzee, ambaye ndiye msemaji, mpelelezi na mweka siri wa ukoo, ingawa hiyo kazi ya tatu humshinda.

“Shangazi, baba ana nini?”

“Mafua.”

“Mwezi uliopita mlisema mafua.”

“Ndiyo hayohayo, hayajaondoka. Wewe niambie, hizo kazi mbili unaanza lini?”

“Nachagua moja.”

“Moja ya nini? Si asubuhi huku, jioni kule? Mbona mimi nauza nguo na nasuka nywele?”

Kampuni ya kwanza ilikaa kwenye jengo la vioo, lenye lifti inayojua unakokwenda kabla hujaisemesha. Mapokezi palikuwa na bakuli la matufaha yanayong’aa. Pingamizi alichukua moja akala, na dada wa mapokezi akamtazama kama mtu aliyetafuna kidhibiti cha kesi. Siku ya usaili walimuuliza maswali machache ya sheria, kisha wakampiga picha nyingi: akisoma, akicheka, akitazama mbali dirishani kama aliyeona haki inakuja. Alielewa fika kwamba sura yake itatumika kupamba kitabu cha kampuni. Hakukasirika. Sura hiyo haikuwahi kumwingizia chochote hapo kabla.

Ya pili ilikuwa juu ya duka la dobi. Mawakili wawili wazee, birika moja, na mvuke unaopenya sakafuni mpaka majalada yanatoka jasho. Wateja wao walikuwa wapangaji waliotupiwa vitu nje na vibarua waliofukuzwa bila hata kuambiwa kwaheri. Kiti alichoonyeshwa kuwa kitakuwa chake kilikuwa kimekaliwa na kipande cha mashine ya kunakili.

Hapakuwa na mashindano. Kibali chake cha mwanafunzi kilikuwa kinafikia mwisho pamoja na masomo, na kampuni ya vioo ilijua kuwaombea wageni vibali vya kazi kama fundi anavyojua nyundo. Wale wa kwa dobi hawakuwahi kumwombea mgeni yeyote, na walikiri hivyo wenyewe.

“Saini, dada,” aliambiwa na msichana waliyepanga naye chumba, mgeni kama yeye, aliyeitwa Daktari wa Panya kwa sababu alikuwa akitafiti dawa ambayo mpaka sasa imeponya panya tu. “Kwa dobi utanuka mvuke mpaka uzeeni.”

Pingamizi akakubali. Kesho yake angekwenda kusaini.

Jioni hiyo shangazi akapiga simu. Hakuuliza habari za kazi, na hilo peke yake lilimfanya Pingamizi akae chini kitandani.

“Si mafua, mwanangu. Ana uvimbe kooni, kwenye kikoromeo. Madaktari wanasema wakiwahi, atapona. Ila wanatoa chote.”

“Chote nini?”

“Kikoromeo chote. Na sauti inakwenda nacho. Mwisho wa mwezi huu.”

Pingamizi akapenga kamasi kwenye shuka.

“Usilie. Mtu mwenyewe tunabaki naye. Ni sauti tu.”

Ni sauti tu. Kama kumwambia mchezaji mpira kwamba ni miguu tu.

“Mbona mmenificha?”

“Kakangu ndiye aliyetukataza. Alisema ukijua utapinga.”

Daktari wa Panya alisikia yote, maana chumba chenyewe mtu akipiga chafya kitandani jirani yake anajifuta. Akasema kwa upole, “Si akurekodie?”

“Simu yangu imejaa matangazo yake. Nataka anisemeshe tukiwa chumba kimoja.”

Asubuhi akaenda kwenye vioo. Alipokewa na kijana wa idara ya ajira, ambaye wanafunzi walikuwa wamembatiza Bwana Tabasamu kwa kuwa hata akitoa habari mbaya meno yanabaki nje. Pingamizi akamweleza: anaomba aende kwao kwanza, amwone baba yake kabla ya upasuaji, kisha arudi ndipo maombi ya kibali yapelekwe.

“Pole sana,” Bwana Tabasamu akasema. “Sisi hapa ni familia. Ila maombi ya kundi lenu yanapelekwa wiki hii, na yakishapelekwa ukitoka nchini yanafutika. Nafasi inakwenda kwa mwingine.”

“Siwezi kufuata na kundi linalofuata?”

“Sera haijafikiria hilo. Lakini tuna namba ya simu ya wafanyakazi wenye huzuni. Wanapokea saa zote.”

“Mimi si mfanyakazi bado.”

“Ah, kweli. Basi hiyo namba utapewa ukishasaini.”

Alisema kwa moyo safi kabisa. Hilo ndilo lililomchosha Pingamizi: hapakuwa na mtu wa kumgombeza.

Akaenda kwa dobi. Wakili mama alikuwa anapanguza majalada kwa kitambaa, miwani imejaa ukungu wa mvuke. Pingamizi alipomaliza maelezo yaleyale, yule mama akavua miwani.

“Baba yako anafanya kazi gani?”

“Alikuwa anaita kesi mahakamani.”

“Mwenye sauti?”

“Mwenye sauti.”

Yule mama akatazama chini kana kwamba naye alikuwa na mtu wake mlangoni wa kumkumbuka.

“Nenda, binti. Tutaomba kibali ukiwa huko kwenu. Wakikubali, utakuja. Wakikataa, watakuwa wamekataa, mimi si serikali. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya, na wewe si mteja.”

Pingamizi akarudi kwenye vioo akamwambia Bwana Tabasamu hapana, asante. Naye akatabasamu.

“Umeacha ya uhakika ukashika ya labda!” Daktari wa Panya alilia huku anamsaidia kukunja nguo. “Hata panya wangu wana akili kuliko wewe!” Kisha akamkumbatia kwa muda mrefu, maana naye alikuwa na mama kwao.

Wodi aliyolazwa mzee ilikuwa ndefu, ya vitanda safu mbili, inanuka dawa ya kupigia deki. Shangazi alikuwa ameshatangulia kuwajaza wagonjwa habari: binti anaajiriwa na makampuni mawili, asubuhi huku, jioni kule. Mzee alikuwa amekonda, shingo imezungushiwa skafu, na daktari alikuwa amempiga marufuku kupaza sauti.

Alimwona bintiye akiwa bado nje ya mlango. Akanyoosha kiganja: subiri. Akavaa ndara, akajishika kitanda kwa kitanda mpaka kando ya mlango, akafunga kifungo cha juu cha pajama, akanyoosha mgongo.

“Kaka, umekatazwa!” shangazi akanong’ona.

“Wote simameni!”

Ilianza nzima, ileile ya mahakamani, ikagonga dari. Kisha ikapasuka, na vipande vyake mzee akavisukuma mpaka mwisho wa wodi kwa nguvu zote zilizobaki. Mwenye mguu wa plasta akainua gongo. Muuguzi, aliyekuwa amesimama tayari, akasimama zaidi. Babu mmoja akazinduka usingizini akapiga saluti. Pingamizi alibaki kizingitini, machozi yanateremka, hana mkono wa kuyafutia kwa sababu ya mizigo.

“Anaingia,” mzee akaendelea, sasa kwa pumzi tu, “wakili msomi, wa makampuni mawili ya ughaibuni!”

Wodi nzima ikamgeukia, wima, ikingoja.

“Kaeni, jamani,” Pingamizi akasema. “Moja nimeikataa, na ya pili sina kibali.”