Mama Mukwe kwenye Usukani

Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Mama yangu, mzaliwa wa Mitwaba, alinifundisha hilo kabla sijaota hata ndevu. Ukimwona mama mukwe anakuja, unamwachia njia. Akiingia sebuleni, wewe unakumbuka kazi uani. Mbele yake huli, na ukilazimika kusema naye, unasema kwa upole ukiangalia chini. Hiyo ndiyo bukwe, na mama yangu aliishika kuliko katekisimu.

Kisha nikaoa binti wa Butembo.

Mama wa mke wangu ni mjane, muuzaji wa vitenge kwa jumla, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara akageuka na asiyeitwa. Kwao Kivu wana heshima zao, lakini hii yetu ya kukimbiana ilimchekesha tangu siku ya mahari. Alikuwa akija nyumbani kwetu, na mimi nikichomoka kwa mlango wa nyuma, anazunguka nyumba upande wa pili makusudi ili tukutane kwenye pipa la maji.

"Jambo, mukwe," ananiambia. "Polisi banakutafuta?"

Mwaka ule alichoka na madereva. Mmoja alikuwa akisinzia, mwingine alikuwa na ndugu wa kubeba kila kona ya mji. Akaamua kununua gari lake mwenyewe na kuliendesha mwenyewe. Lilikuwa gari la Kijapani lililokwisha kutumika, lililofika kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, lenye usukani mkono wa kuume, kama mengi ya hapa Lubumbashi, ingawa sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa karibu na mtaro, na aliye kushoto kwake ndiye anayeona magari yanayokuja. Leseni alikuwa nayo. Zamani kule Butembo aliendesha gari dogo la mizigo la marehemu mume wake. Alichohitaji ni mtu wa kukaa naye mpaka mikono ikumbuke kazi. Mke wangu ni muuguzi, hana nafasi. Mimi ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa.

"Utaenda na mama," mke wangu akaniambia.

"Nitakaa naye wapi?"

"Ndani ya gari. Unataka kukaa fasi gani, juu ya kapo ya injini?"

Siku ya kwanza nilikaa kiti cha nyuma. Niliona nimepata ufumbuzi safi kabisa: fundisho litatolewa, na heshima haitaguswa. Sikufikiri tunavyoonekana kutoka nje: mama mtu mzima, kitambaa kichwani, anahangaika na usukani, na nyuma yake kijana wa shati jeupe amekunja mikono kama waziri. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa amesimama kando ya njia alinivulia kofia.

Mama mukwe akanitazama kwenye kioo. Akakanyaga breki. Pua yangu ikaenda kusalimia kiti cha mbele.

"Oh, pardon," akasema, akaondoa gari. Hatukufika mbali, akaikanyaga tena.

"Mukwe," akasema akiangalia barabara, "frein ya hii gari iko na kichwa nguvu. Miye naona kwa mbele haisumbue sana."

Nikahamia mbele. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo wazee wetu hawakulifikiria: watu wawili waliokaa kiti cha mbele hawatazamani. Wote wanaangalia njia. Nilidhani taabu yangu imekwisha.

Kumbe taabu ilikuwa kwenye ulimi. Mwanafunzi wa udereva huambiwa kwa kifupi, na mama mukwe haambiwi kwa kifupi. Nikaanza: "Mama, naomba radhi, kama haitakusumbua, pale mbele naona kama kuna ka..." Tuta likatupokea. Vichwa vyetu vikagonga dari. Mbele kidogo: "Mama, samahani sana, kama ingewezekana, ile njia ya kushoto ambayo..." Njia ya kushoto ikapita, ikabaki nyuma yetu.

Akaegesha. Akazima injini.

"Mukwe, sikiya. Kama nakwenda kushoto, sema: kushoto. Kama nasimama, sema: frein. Salamu utanipa kwa nyumba. Bukwe yako iache kwa mulango, utaikuta, hakuna mwizi wa kuiiba."

"Ndiyo, mama. Naomba radhi, nita..."

"Kushoto!"

"Kushoto," nikasema.

"Unaona? Haukukufa."

Mikono yake ilikuwa na kumbukumbu nzuri, ila kumbukumbu ya gari lingine. Katika lile la marehemu, kijiti cha taa za kuashiria kona kilikuwa mkono wa kushoto. Katika hili la Wajapani, kushoto ni kijiti cha vifuta-kioo, vile tunavyoviita esuigilasi. Kwa hiyo kila alipotaka kukata kona, vifuta-kioo viliamka vikaanza kufagia. Na ulikuwa mwezi wa saba! Mbingu kavu kama ngozi ya ngoma, vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu, na sisi tunapita na esuigilasi zikikwaruza kioo kwii, kwii. Nikisema "mkono wa kuume, mama," anashika cha kuume; kona inayofuata, mkono wa kushoto unarudia mambo yake. Waendesha pikipiki walianza kutupisha mapema. Walikuwa wameelewa kwamba esuigilasi zikicheza, mama anakata kona. Upande gani, hilo aliachiwa Mungu.

Mara nyingi tulikwenda Kamalondo, kwa sababu mafundi cherehani wa huko ndio wateja wake. Kulikuwa na mmoja mwenye mdomo, aliyekaa na mashine yake barazani, mita ya kupimia imening'inia shingoni kama stola ya padri. Alituona tukija na vifuta-kioo vyetu, akainuka, akatukaribia gari liliposimama. Akainama juu ya kapo, akanyoosha kiganja kuelekea mbinguni, na kusema kwa sauti ili mtaa mzima usikie:

"Mama, mvua iko wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikatamani kushuka chini ya kiti. Mama mukwe akatabasamu, akakivuta kijiti kile kile kuelekea kifuani. Maji ya kuoshea kioo yakaruka pande zote mbili, yakampata fundi shingoni na kifuani.

"Iko apa," akasema.

Mtaa mzima ukapiga kelele. Fundi mwenyewe alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Akafuta uso kwa kipande cha kitenge, kisha akaja dirishani kuulizia mzigo mpya. Mimi nilimtazama mama mukwe kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshika usukani kwa heshima zote, kama mtu aliyetoka kukomunika.

Baada ya majuma machache alikuwa akiendesha vizuri. Kona zilipata taa zake, na vifuta-kioo vilipumzika. Tukawa tunafanya mazoezi kwenye njia ya kwenda Karavia, ambako kuna nafasi. Huko ndiko alikoniuliza habari ya kibonyezo kilichoko kwenye usukani, karibu na kidole gumba chake, chenye picha ya saa ndogo na mshale.

"Na hii iko nini?"

"Ile ni régulateur, mama. Inashika mwendo. Ukifika mwendo unaoutaka, unabonyeza pale, unaondoa mguu, na gari linaendelea na mwendo huo lenyewe. Ukigusa breki, linaacha."

"Ata kwa mulima?"

"Hata mlimani. Linajiongezea moto lenyewe. Lakini mikono haiachi usukani."

Akafikiri.

"Bwana yangu, Mungu amulaze, alikuwa vile," akasema. "Ukimuweka mwendo moja, anaenda nayo mpaka umuguse."

Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mbele yake, ingawa uso niliugeuzia dirishani.

Basi mama yangu akatuma habari kwamba anatoka Mitwaba kuja kututembelea. Lori litamfikisha Likasi, tukamchukue hapo. Mama mukwe akasema ni yeye atakayekwenda kumchukua, ni heshima kwa mama wa mukwe wake. Tukatoka Jumapili baada ya misa ya kwanza, siku ambayo malori ya madini yanapungua njiani. Mimi kushoto, yeye kuume, tukiongea. Ndiyo, tukiongea! Nilikuwa nimezoea kiasi kwamba nilisahau tunakwenda kumchukua nani.

Mama yangu alikuwa amekaa juu ya gunia la mihogo mikavu, kuku mikononi. Aliniona nikishuka mlango wa mbele. Akaona nani ameshuka mlango wa pili. Akamsalimu mama mukwe kwa kupiga magoti kidogo na makofi ya polepole, kisha akanivuta kando.

"Weye, ulikuwa umekaa fasi gani?"

"Mbele, mama."

"Na mama ya bibi yako?"

"Kwenye usukani."

"Mukagusana viwiko?"

"Mama, gari ni pana."

Hakutaka kusikia. Akanipeleka nyuma na gunia la mihogo na kuku, akakaa yeye mbele. Akaniambia nisifungue mdomo mpaka Lubumbashi. Mama mukwe akaniona kwenye kioo, akanikonyeza. Mimi nikamtazama kuku.

Haikuchukua muda tukakuta lori lililojaa makaa linapanda taratibu. Kutoka upande wa kuume mama mukwe hakuweza kuona mbele ya lori hilo.

"Mama," akamwambia mama yangu, "uniangaliliye. Kama barabara iko wazi, sema: pita."

Mama yangu hakuwahi kuombwa jambo kama hilo. Akachungulia, akarudisha kichwa. Akachungulia tena. "Ngoja... ngoja... kuko mutu na kinga..." Baiskeli ikapita upande wake. "Pita! Pita, mama, pita!" Gari likapita, na mama yangu akageuka kulitazama lori dirishani, kidevu juu, kama mtu aliyelishinda kwa miguu.

Baada ya hapo njia ilinyooka na ilikuwa tupu. Mama mukwe akaongeza mwendo kidogo, si sana. Kidole gumba kikabonyeza. Kisha, bila haraka, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akainua miguu yote miwili akaikunja juu ya kiti, kama mtu aliyekaa mkekani kuchambua maharagwe. Mikono ilibaki kwenye usukani. Akaanza kuimba wimbo wa kanisa polepole.

Mama yangu alichelewa kuona. Alipoona, gari lilikuwa limefika kwenye mwinuko, na injini ikajivuta yenyewe, ikanguruma. Akatazama chini. Pedali zimekaa, hakuna mguu.

"Yesu na Maria! Mama, miguu!"

"Inachoka," mama mukwe akasema. "Miye ni mutu mukubwa."

"Nani anaendesha?"

"Tunaenda tu."

Mama yangu akanigeukia, macho yametoka.

"Mwanangu, umwambie asimame!"

Nikajua nifanye nini. Hatukuwa tumepanga kitu, mimi na mama mukwe, naapa. Niliinamisha kichwa kwa adabu kubwa, nikasema kwa upole:

"Mama, mukwe hasemeshwi hivyo. Ulinifundisha mwenyewe."

"Nakuambia, semesha!"

"Na viwiko, mama? Na heshima ya kwetu?"

"Acha bukwe!" akapiga kelele hata kuku akaruka. "Iache apa apa kwa barabara! Semesha mukwe yako!"

Mbele kwa mbali nikaona nyumba za kijiji na mbuzi wawili kando ya lami. Mchezo ulitosha.

"Mama," nikasema, "frein."

Mguu mmoja ukashuka, ukagusa breki, na gari likaachia mwendo wake kwa utulivu. Tukapita kijijini polepole kama maandamano ya Sakramenti. Mama mukwe alikuwa akitetemeka mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kicheko kilipomtoka ilibidi aegeshe kando. Mama yangu alikunja mikono kifuani. Nikaogopa. Niliona tumevuka mpaka, na kwamba nitasikia habari hizi mpaka kaburini.

"Mama," hatimaye akasema, si kwangu, "ile kadude uliyofinya iko wapi?"

Mama mukwe akamwonyesha. Mama yangu akakigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeonja chumvi.

"Na kama mulima ni mukubwa, inapanda tu?"

"Inapanda tu."

"Ebu tuone."

Tukaondoka. Sehemu yote iliyobaki mama yangu ndiye aliyechagua pa kubonyeza na pa kuachia, akitangaza malori, baiskeli na mbuzi, na mama mukwe akamtii, miguu chini safari hii. Mimi kiti cha nyuma hakuna aliyenikumbuka. Nilisema jambo moja kuhusu mwendo; wote wawili wakanijibu kwa pamoja, ninyamaze.

Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta gari halipo. Mke wangu, akifunga vifungo vya vazi lake jeupe la kazi, akaniambia mama zetu wameshatoka kwenda Kamalondo kuchagua vitenge, na wamesema hawajui watarudi saa ngapi. Nikatoka uani kumtafuta kuku, ambaye alikuwa amekata kamba na kupanda juu ya ukuta wa jirani.