Kigari Nilichomchagulia Mwanangu

Vigari vilikuwa viwili, na mimi niliambiwa nichague kimoja. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza, kwa hiyo naanzia hapo hapo.

Ilikuwa Salale, mwaka ule wa vita vya maji. Nilikuwa kibarua kwa Mdachi mmoja wa mikoko, kazi yangu kupiga chapa boriti. Habari zilipofika kwamba watu wa milima ya kusini wameng'oa pamba na wanawafukuza Wadachi, bwana wangu akatafuta chombo haraka kumpeleka mkewe na watoto Dar es Salaam. Chombo kikajaa masanduku, vigari vya watoto vikabaki barazani. Yule bibi wa Kidachi alijua nimepata mtoto, maana nilimwambia kila asubuhi mpaka akawa ananikimbia. Akanionyesha vile vigari kwa kidole: kimoja chako.

Mtu mwenye akili angeomba shuka. Mimi nilishukuru mpaka nikapiga magoti, kwa kuwa nilikuwa na shida ambayo shuka isingeitatua.

Mke wangu alikuwa Kibiti kwa mama yake, kama ilivyo kwetu kwa uzazi wa kwanza. Alijifungua kwa taabu ya siku mbili, na nyonga yake ya kushoto ikabaki inauma. Akisimama lazima ashike ukuta. Nilipokwenda kumwona siku ya saba, mama mkwe alinipokea mlangoni, uso kaugeuza pembeni kama adabu inavyotaka, lakini maneno yake yalinijia usoni moja kwa moja.

"Baba, nisikilize. Mwanangu hawezi kubeba mtoto mgongoni. Arobaini ikitimia uje, lakini uje na wa kumbebea. Ukija mikono mitupu, utarudi mikono mitupu."

Nimtoe wapi wa kumbebea? Mama yangu alikwisha fariki, dada sina. Wapagazi wote walikuwa wamekamatwa kubeba mizigo ya askari, na waliobaki walikuwa wamejificha wasikamatwe. Kila wiki tukasikia njia nyingine haipitiki. Nikiikosa arobaini ile, sikujua mke wangu nitamwona lini, na mwanangu nitamkuta ana meno mangapi.

Basi nikachagua. Kigari cha kwanza kilikuwa cha magurudumu manne, kipana, kizito, kimekaa kama jeneza. Cha pili kilikuwa cha magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, kimenyooka kama kunguru anayetaka kuruka, kina paa la ngozi la kufunua na kufunika. Nilikizunguka mara tatu nikiwaza kisomi, maana nilikwisha maliza juzuu kadhaa chuoni kwa mwalimu na mwaka mzima katika shule ya serikali. Nikajiambia: njia zetu ni nyembamba, upana wa mguu mmoja. Gurudumu la mbele litaingia njiani, na ya nyuma yatalifuata. Nikaona nimewashinda Wadachi wenyewe.

Jambo moja dogo lilinipita. Magurudumu mawili ya nyuma hayakuwa nyuma ya lile la mbele. Yalikuwa kushoto na kulia kwake. La mbele likiteleza njiani kama mfalme, moja la nyuma linapanda kisiki na jingine linatumbukia shimo la panya. Hilo nilikuja kulijua nikiwa mbali, na kigari cha magurudumu manne kikiwa kimekwisha chukuliwa na mwanamke mmoja wa pale pale, anafugia kuku.

Bado nilikuwa na siku kumi kabla ya arobaini, nikazitumia kukitunza. Laiti ningejua kazi ya kutunza kitu kile, ningejitwika mtoto kichwani tangu siku ya kwanza. Chumvi ya mtoni haina subira. Asubuhi nafuta chuma, adhuhuri kimeshika kutu. Nikapaka mafuta ya nazi. Wakaja sisimizi kama wamealikwa karamu. Nikawafukuza sisimizi, mchanga ukashika kwenye mafuta, ekseli ikaanza kusaga kama kinu. Panya wakala ukingo wa paa. Siku ya tano mpira wa magurudumu, ambao ulikuwa umekauka kwa jua, ukabanduka wote kama gome la muhogo.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa majahazi, mzee mwenye mdomo mkali. Alikitazama kigari kwa muda mrefu.

"Hiki kinakula nini?"

"Hakili, mzee. Ni cha kumtia mtoto."

"Mtoto amekosa nini?"

Hata hivyo alinisaidia. Alizungushia magurudumu yote matatu kamba ya makumbi, akaikaza kwa nyundo kama anaziba jahazi, kisha akamimina kwenye ekseli mafuta ya papa, yale yale ya kupaka vyombo. Mlio ukapungua. Harufu ikaja badala yake. Nilikwenda nacho mtoni, nikakisugua kwa majivu, nikakisugua kwa ndimu, nikakaa mbele yake nikaomba dua. Kikabaki kinanuka papa.

"Mtoto atazoea," alisema fundi. "Mkeo ndiye sijui."

Siku ya thelathini na nane nikapanda mtumbwi, kigari kimekaa mapajani kwangu kwa kuwa mwenye mtumbwi alikataa kisiguse samaki wake. Eti kitawanukisha. Nikashuka mwisho wa mkondo. Kutoka hapo mpaka Kibiti ni mwendo wa siku moja na nusu kwa mtu mwenye miguu tu. Mimi nilikuwa na miguu miwili na magurudumu matatu, tukawa watano tusioelewana.

Penye tope nilikibeba kichwani. Penye mchanga nilikivuta kinyumenyume. Penye nyasi nilisimama kila hatua ishirini kuyachomoa majani kwenye kamba. Lakini nisiseme uongo: ilipotokea sehemu ngumu na tambarare, nilisukuma nikiimba, nikimwona mwanangu ndani yake amekaa kama liwali, na mke wangu pembeni anatembea polepole hana mzigo, na watu wametoka milangoni kutuangalia. Ndoto hiyo ilinilisha kuliko muhogo niliofunga kwenye kitambaa.

Kijiji cha kwanza nilichofika siku ya pili, hakuna mtu. Sufuria jikoni inachemka, kuku wanazurura, kinu kina mpunga nusu umetwangwa. Nikapiga hodi nyumba baada ya nyumba. Kimya. Nikasema ni vita hivi, masikini, watu wamekimbia maadui. Nikasikitika kweli, nikaipua sufuria isiungue, nikaendelea.

Mbele kidogo nilikuwa nimekaa kichakani natoa mwiba mguuni, wakapita wanaume wawili njiani mbio, wameangalia chini.

"Salaam aleikum!" niliwaita.

Hawakuitika. Mmoja alitazama ardhi, akatazama upande wangu, akaona nadhani paa la kigari juu ya majani. Wakaongeza mbio kuelekea Kibiti, wananitangulia. Nikasema moyoni, watu wa siku hizi hawana hata salamu.

Kijiji cha pili, hakuna mtu. Cha tatu, mbwa mmoja, naye alinikimbia. Nikaanza kukasirika. Nilikuwa na njaa, kiu, bega limechubuka, na kila mahali ambapo mtu angeniuzia ndizi au angenishikia kigari kuvuka kijito, wote wametoweka kama wamekubaliana. Nilisimama katikati ya uwanja mmoja mtupu nikapaza sauti, "Jamani, mimi ni mkwe tu!" Hakuna aliyejali.

Nilifika kwa mama mkwe alasiri ya siku ya arobaini yenyewe. Mlango wazi, jamvi limetandikwa uani, uji wa mzazi umewekwa kwenye bakuli na bado una moshi. Kitanda cha mke wangu kitupu. Niliishika kanga aliyoiacha.

Pale kizingitini alikuwa amebaki mtu mmoja tu, bibi yake mke wangu, ajuza asiyeweza kukimbia wala kuona vizuri. Kwa desturi yetu huniita mume wake, na mimi humwita mke mkubwa. Akanusa, akanyoosha shingo.

"Mume wangu, ndiyo wewe mzinga?"

"Mzinga gani, bibi?"

"Wamekuja watu wawili hapa roho juu. Wanasema Wadachi wanaleta bombomu, ile bunduki ya magurudumu inayotema risasi haikomi. Wameona mburuto wake njiani, mistari mitatu, mipana, imesukwa kama mkeka. Wanasema mwenye kuivuta ni mtu mmoja, tena anaimba. Mji mzima umeingia msituni." Akanyoosha mkono akapapasa gurudumu, akapapasa kamba ya makumbi, akapapasa paa. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, mume wangu! Umewakimbiza watu wa vijiji vinne kwa harufu ya papa!"

Sikucheka. Nilikuwa namwona mke wangu na nyonga yake, anakimbia porini kwa ajili yangu mimi, niliyechoka siku mbili nikikisukuma kitu cha kumpunguzia taabu.

Nikakimbia mpaka ukingo wa msitu. Nikaita jina lake, nikaita tena. Baadaye sauti ya mama mkwe ikatoka majanini, na safari hii haikuwa na adabu ya ukwe hata kidogo.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini wakati huu! Mzinga umeuona?"

"Mama, mzinga ni wangu."

Mtoto akalia huko huko majanini, mara moja, kwa nguvu, na mimi machozi yakanitoka papo hapo kama mwanamke aliyefiwa. Wakatoka. Mama mkwe amembeba mtoto kifuani, nyuma yake mke wangu ameegemea mti hadi mti, uso umekuwa wa majivu. Alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Uani mama mkwe alikizunguka kigari mara tatu, kama nilivyokizunguka mimi, lakini hakuwaza nilivyowaza. Akatia ndani kikapu cha mpunga, uzito wa mtoto.

"Sukuma mpaka kisimani urudi."

Nilisukuma kwa makini ya mtu anayebeba mayai. Kwenye mzizi wa kwanza gurudumu la kulia likapanda, la kushoto likazama, kikapu kikapinduka, mpunga ukamwagika wote, na kuku wa majirani, ambao hawakukimbia na wenyewe, wakafika mbio.

"Umeona," alisema mama mkwe, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mjukuu wangu hapandi humo. Na mwanangu hawezi kubeba. Rudi Salale, baba. Vita vikiisha tutaonana."

Niliinama kuokota punje moja moja, maana angalau hilo nilikuwa naliweza. Nikasikia kamba za makumbi zinakwaruza mchanga. Nikainua kichwa.

Mke wangu alikuwa ameshika mpini. Labda alitaka kukisogeza tu kisizuie njia. Lakini aliuegemea kwa mikono yote miwili, akapiga hatua, kigari kikasogea mbele yake, akapiga nyingine. Hakushika ukuta. Akaenda mpaka kwenye banda la kuku, akakigeuza, gurudumu la mbele likamtii kuliko lilivyowahi kunitii mimi, akarudi.

"Mama," alisema, "hakiumi."

"Kigari hakiumi?"

"Nyonga haiumi. Kinanibeba mikono. Nitakwenda nacho."

"Na mtoto?"

Wote watatu, hata ajuza asiyeona vizuri, waligeuza nyuso kwangu.

"Ana mgongo," alisema yule mke wangu mkubwa.

"Mimi?" nilisema. "Mimi mwanamume? Mchana? Kupita vijijini?"

"Nilisema uje na wa kumbebea," mama mkwe alisema. Alikwenda ndani akarudi na mbeleko. Na kwa kuwa mkwe hamshiki mkwe, alimfundisha mke wangu anifunge: inama, zaidi, usikaze shingo, pitisha kwapani, fundo lije kifuani. Nilimsikia mwanangu akijipanga mgongoni kwangu kama paka anayetafuta mahali pa kulala. Sikuwa nimewahi kumbeba. Alikuwa mwepesi kuliko kikapu kile.

Sharti la mwisho lilikuwa la mama mkwe pia: tusiache mburuto ule wa kishetani njiani. Akamwelekeza mke wangu anifunge kiunoni tawi kubwa lenye majani, nilikokote nyuma nifute mistari.

Tulitoka asubuhi. Mke wangu mbele na kigari kilichobeba mafurushi yetu, mimi nyuma na mtoto mgongoni na mkia wa majani. Vijiji vile vile vilivyonikimbia juzi vikawa vimejaa. Nadhani habari mpya ilitutangulia kama ile ya kwanza. Wanawake walitoka jikoni na miko mkononi. Mwanamume mmoja alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

"Mama mchanga, hujambo?" waliniita. "Maziwa yanatosha?"

"Yanatosha!" nilijibu, meno nimeyauma.

Mke wangu hakugeuka, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mwendo wake ulikuwa umenishinda. Nilimwomba anisubiri.

"Usikimbie wewe," alisema bila kusimama. "Unamtikisa mtoto."